Kumjua Mwandishi kwa Maneno Yake

Kazi ya kuchunguza kama maneno ni ya yule anayedaiwa kuyaandika haikuanza na mashine. Mwaka 1440 ilifanywa kwa ustadi mkubwa na Lorenzo Valla, bingwa wa Kilatini aliyekuwa akimtumikia Mfalme Alfonso wa Aragon. Palikuwa na hati iliyosemwa kuwa ya Kaizari Konstantino wa karne ya 4, nayo ilidai kuwa Kaizari alimkabidhi Papa mamlaka juu ya Roma na nchi za magharibi. Valla hakupima karatasi wala wino, alisoma. Alikuta Kilatini ambacho watu wa zama za Konstantino hawakukiandika, na miongoni mwa wakuu wa Roma akawakuta masatrapa, cheo cha maliwali wa Uajemi. Mghushi alijificha nyuma ya jina la mfalme, lakini neno moja lilimtoa hadharani.

Njia hiyo ilimtaka mtu aijue lugha kama mwenyeji ajuavyo vichochoro vya mji wake. Baadaye ilitafutwa njia ya hesabu. Thomas Mendenhall, mwanafizikia wa Marekani, alihesabu urefu wa maneno ya waandishi mwaka 1887, ingawa matumaini yake yalizidi mavuno. Mavuno yalikuja mwaka 1964, Frederick Mosteller na David Wallace walipochapisha uchunguzi wao juu ya makala 85 za Federalist, zilizotolewa mwaka 1787 na 1788 kuitetea katiba mpya ya Marekani. Makala zote zilitiwa jina la Publius, hali waandishi walikuwa watatu: Hamilton, Madison na Jay. Makala 12 ziligombaniwa baina ya Hamilton na Madison. Maneno ya fahari hayakusaidia kitu, maana wote wawili walizungumza mambo yale yale. Vilivyosaidia ni vijineno ambavyo hapana avitazamaye: Hamilton alizoea kuandika upon, Madison aliliandika kwa nadra, penye while ya Hamilton, Madison aliweka whilst. Makala zote 12 zikaelekea kwa Madison. Lakini ikumbukwe kuwa washukiwa walikuwa wawili, wanajulikana, na maandishi yao mengine yalikuwapo ya kulinganishia.

Mashine ilipoanza kuandika haikumdanganya mtu. Mwaka 1952 Christopher Strachey aliiagiza kompyuta ya Chuo Kikuu cha Manchester itunge barua za mapenzi kwa kuokota maneno kwa bahati nasibu. Zilitiwa sahihi ya M.U.C., na aliyesoma mbili au tatu alikwisha kuujua ufundi wote.

Mambo yaligeuka tarehe 30 Novemba 2022, ChatGPT ilipotolewa kwa watu wote. Akili mnemba ya namna hii imefunzwa kwa maandishi mengi mno ya wanadamu, nayo huandika kwa kukadiria neno gani laelekea kulifuata jingine. Hapo njia zote mbili za kale zilikwama. Haina zama za kuisaliti kama zilivyomsaliti mghushi wa Konstantino. Na ijapokuwa ina mazoea yake, huyavua ikiagizwa.

Walimu walitaka kipimo, na vipimo vikatungwa. Vingi vilitegemea jambo moja: maneno yanayotabirika kwa wepesi yahesabiwe kuwa ya mashine. OpenAI, waliounda ChatGPT yenyewe, walitoa chao Januari 2023. Kwa maelezo yao wenyewe, kilitambua maandishi 26 tu katika kila 100 ya mashine, na katika kila 100 ya watu kiliyasingizia 9. Julai mwaka huo huo kikaondolewa.

Katika mwaka huo pia wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Stanford walipitisha katika vipimo 7 insha 91 za TOEFL, mtihani wa Kiingereza kwa wageni wa lugha hiyo. Kwa wastani zaidi ya nusu ziliitwa za mashine. 18 zilihukumiwa hivyo na vipimo vyote. Insha za watoto wa shule wa Marekani zilipita karibu zote. Mgeni wa lugha hutumia maneno machache anayoyaamini, na uangalifu huo ndio uliofanywa hatia. Kisha wachunguzi waliiomba ChatGPT izipambe insha zile kwa maneno ya wenyeji, na lawama zikapungua sana. Basi insha za watu ziliitwa za mashine, na zilipopita mikononi mwa mashine zikaitwa za watu!

Kwa Afrika ya Mashariki hili si jambo la mbali. Mwanafunzi wa Tanzania aliyesoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili hukutana sekondari na masomo kwa Kiingereza, naye hukijenga Kiingereza chake kwa vitabu na daftari. Akipeleka insha katika chuo cha ng'ambo, ndiye hasa ambaye vipimo vile humshuku. Wala hana pa kushika katika kujitetea. Valla alilitaja neno lenyewe, na msomaji aliweza kulikubali au kulipinga. Kipimo hutoa asilimia, kisha hunyamaza. Mwalimu aliyemsoma mwanafunzi huyo tangu mwanzo wa mwaka anazo insha zake za zamani, na aweza kumwita, akaweka kidole juu ya neno, akamwuliza alilitoa wapi.