Ung'arishaji wa stenlesi kwa umeme

Ni njia ya kulainisha uso wa chuma kisichoshika kutu bila msasa wala brashi. Kifaa huunganishwa na ncha chanya ya umeme, kisha hutumbukizwa katika kimiminika kinachopitisha mkondo. Uso wake huyeyuka kidogo kidogo. Vinundu huisha kabla ya mabonde, na chuma kinabaki kiking'aa kama kioo. Kwa kuwa uchafu na vijidudu hukosa pa kujishikiza, mabomba ya viwanda vya maziwa na vyombo vya upasuaji hupitishwa humo.

Mfaransa Pierre Jacquet ndiye aliyeiweka njia hii kwenye ramani katika miaka ya 1930. Kwa stenlesi, viwanda vimezoea mchanganyiko wa moto wa asidi ya fosforiki na ya salfuriki. Kazi hufanyika vizuri, lakini kwa gharama: sehemu kubwa ya umeme huishia kutengeneza oksijeni badala ya kuyeyusha chuma, na viputo vikipasuka hurusha ukungu wa asidi unaochoma mapafu. Asidi ya perkloriki ni hatari zaidi. Tarehe 20 Februari 1947, pipa la kung'arishia alumini lenye asidi hiyo lililipuka Los Angeles na kuua watu 17.

Mbadala ulitoka Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza. Mwaka 2003 Andrew Abbott na wenzake walionyesha kwamba kolini kloridi, inayoyeyuka kwa nyuzi 302 za Selsiasi, ikichanganywa na urea, inayoyeyuka kwa nyuzi 133, huzaa kimiminika kinachoganda kwenye nyuzi 12 tu. Kwa stenlesi walipendelea kolini kloridi na ethilini glikoli, molekuli moja kwa mbili, na mwaka 2006 walichapisha matokeo yake. Karibu mkondo wote huyeyusha chuma, na gesi ni kidogo mno. Viungo navyo si vya ajabu: cha kwanza hutiwa katika chakula cha kuku, cha pili katika rejeta za magari.

Hata hivyo, kuiita salama kabisa ni kutia chumvi. Ethilini glikoli ikinywewa huharibu figo. Mnato wa kimiminika chenyewe ni zaidi ya mara 30 ya ule wa maji, hivyo hupashwa moto ili mkondo upite vizuri. Nikeli na kromi zilizotoka kwenye chuma nazo hubaki ndani yake, nyingine zikiondoka na maji ya suuza, ambayo lazima yasafishwe kabla ya kumwagwa.