Magamba ya konokono Ziwa Tanganyika: nyumba za samaki zinazotegemea udongo wetu

Mvua kubwa ikinyesha Kaliua, maji ya mabondeni hukimbilia Mto Igombe au Mto Ugalla, ule tunaouvuka kwa treni ya Mpanda. Maji hayo hupita kwenye maeneo oevu, huungana na Mto Malagarasi, kisha huingia Ziwa Tanganyika kusini mwa mji wa Kigoma. Katika makala hii tunaeleza viumbe wanaoishi mwisho wa safari hiyo, na kwa nini udongo wa mashamba yetu unawahusu.

Nyumba zinazoachwa na konokono

Pwani ya bahari, kwenye midomo ya mito, chaza hujishika kwenye miamba na mizizi ya mikoko. Magamba yao yakirundikana, kaa na samaki wadogo hupata maficho. Ziwa Tanganyika ni la maji baridi na halina mikoko. Huku kazi kama hiyo hufanywa na konokono ambaye wataalamu humwita *Neothauma tanganyicense*.

Ndiye konokono mkubwa kuliko wote ziwani, gamba lake likifikia sentimita 6 hivi, na hapatikani popote pengine duniani. Akifa, gamba hubaki, na chokaa iliyomo majini huliganda na kulihifadhi. Zipo sehemu, kwenye kina cha mita 10 hadi 35 hivi, ambako chini ya ziwa kumetandazwa magamba matupu. Baadhi ya magamba yaliyopimwa karibu na Kigoma yana umri wa zaidi ya miaka 1,000.

Magamba ya ziwa hili yalifika Ulaya zamani. Burton na Speke walipita Tabora kwa njia ya misafara na kufika Ujiji Februari 1858. Speke alichukua magamba, na mwaka 1859 mtaalamu Woodward wa London aliyapa majina. Kome mmoja wa ziwani bado anaitwa *Pleiodon spekii*.

Nani anaishi humo?

Kusini mwa ziwa yupo samaki wa sentimita 3 hivi, *Neolamprologus multifasciatus*. Wanaishi kwa makundi ya kifamilia. Adui akitokea, kila mmoja huchomoka na kuingia ndani ya gamba.

Mwingine ni *Lamprologus callipterus*. Dume hubeba magamba kwa mdomo na kuyakusanya mahali pamoja, na wakati mwingine huyaiba kwa dume jirani. Majike huingia ndani ya magamba hayo kutaga mayai. Ili atoshe, jike ni mdogo sana: dume anaweza kumzidi uzito zaidi ya mara 12.

Wapo pia kaa wadogo wanaojificha humo. Karibu na mdomo wa Malagarasi yupo bunju mkubwa wa maji baridi, *Tetraodon mbu*, mwenye meno magumu ya kuvunjia magamba ya konokono na kome anaowala.

Tope linaharibu nini?

Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, lakini oksijeni imo sehemu ya juu tu, isiyozidi mita 200 hivi. Kwa hiyo viumbe wanaoishi chini hubanwa kwenye ukanda mwembamba wa kandokando. Ukanda huohuo ndiko mito inakoshusha tope.

Tope likizidi, hujaza magamba, na samaki hukosa mahali pa kuingia wala kutagia. Maji machafu pia huzuia mwanga, na mimea midogo inayoliwa na konokono na samaki hupungua. Watafiti waliolinganisha pwani za kaskazini mwa ziwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikuta aina chache za viumbe mahali ambapo misitu ilikatwa na udongo ukaporomoka.

Sisi wa Kaliua tunahusikaje?

Si tope lote la kwetu linalofika ziwani. Katikati kuna chujio: maeneo oevu ya Malagarasi na Muyovosi, yenye hekta 3,250,000 hivi. Mwaka 2000 yalikuwa ya kwanza Tanzania kuingizwa kwenye orodha ya Mkataba wa Ramsar. Humo, matete na mafunjo hupunguza mwendo wa maji, na tope hutuama. Chujio hilo likichomwa moto, likilimwa au kukanyagwa na mifugo mingi, tope hupita.

Mambo ya kufanya yako mikononi mwetu:

- Usilime ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Hivyo ndivyo inavyosema Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004.
- Kwenye mteremko, piga matuta ya kukinga maji, yasielekee bondeni.
- Acha matete na mafunjo ya mtoni yasimame. Usiyachome kutafuta majani mapya.
- Wakulima wa tumbaku, pandeni miti ya kuni na tumieni mabani yanayokula kuni kidogo.
- Wafugaji, nywesheni mifugo mahali pamoja palipokubaliwa na kijiji, si ukingo mzima.

Faida ya kwanza ni ya mkulima mwenyewe. Udongo unaobaki shambani ndio utakaobeba mahindi na tumbaku ya msimu ujao. Ule unaoondoka na mvua haurudi, na huko uendako unaziba nyumba za wengine.