Maajuni ya Manisa: Historia Fupi ya Dawa Inayomwagwa kutoka Mnarani

Mji wa Manisa uko magharibi mwa Uturuki, chini ya mlima Spil, si mbali na bandari ya Izmir. Baridi inapokwisha na mizabibu ya bonde la Gediz inapoanza kuchipua, watu hujaa mbele ya Msikiti wa Sultani, macho yote juu. Maimamu na wanafunzi wao wamekwisha panda mnarani na kwenye makuba. Chini zinalia ngoma na zumari za mehter, bendi ya askari wa enzi za Waosmani. Kisha vipande vya maajuni vilivyofungwa katika karatasi vinaanza kumwagwa, na maelfu ya mikono inagombania. Wapo wanaogeuza miavuli chini juu ili wakinge vingi. Aliyepata kipande hutumaini kwamba kabla mwaka haujaisha ataoa au ataolewa, atapata kazi, atajaliwa mtoto. Wengine huongeza kwamba nyoka na nge hawatamgusa mwaka huo.

Hiyo ndiyo sikukuu ya Mesir, ambayo UNESCO iliiingiza mwaka 2012 katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Wengi huisimulia kama sikukuu ya kitu kitamu. Mimi naiona ni kumbukumbu ya hospitali, na kwa sababu hiyo naona inafaa kusimuliwa hata hapa Lulimba, mashariki mwa Kongo, mbali kabisa na Waturuki.

Habari yenyewe inaanza na mwanamke. Ayşe Hafsa Sultan alikuwa mke wa Sultani Selim wa Kwanza na mama wa Suleiman, ambaye Wazungu walimpa jina la Mtukufu. Desturi ya ukoo ule ilikuwa kumtuma mwana wa mfalme mkoani ajifunze kutawala, na mama yake afuatane naye. Suleiman alipewa Manisa mwaka 1513. Hafsa akakaa naye huko hadi mwaka 1520, Selim alipofariki na kijana akaitwa kukalia kiti cha enzi.

Mama hakuusahau mji uliomlelea mwanawe. Msikiti wake ulikamilika mnamo mwaka 1522, na kando yake vikasimama chuo, shule ya watoto, nyumba ya masufi na jiko la kuwapikia maskini. Vyote vilikuwa wakfu: mali ilitengwa, na mapato yake yakalipa walimu, wapishi na watumishi mwaka hadi mwaka. Hapo ndipo penye uzito wa historia hii. Sadaka ya mkono huisha siku hiyohiyo, lakini wakfu humlisha hata yule ambaye hajazaliwa.

Inasimuliwa kwamba Hafsa aliugua, na waganga wakashindwa. Sheikh wa nyumba yake ya masufi, Merkez Efendi, akachanganya viungo na mitishamba 41, akavipika na kitu kitamu mpaka vikawa maajuni mazito. Bibi akala, akapona. Akaamuru kila mtu mjini apate sehemu yake, na kwa kuwa watu walikuwa wengi mno kupewa mmoja mmoja, maajuni yakarushwa kutoka msikitini.

Baadhi ya wasimulizi humweka Merkez Efendi kuwa mganga mkuu wa hospitali ya Hafsa wakati wa ugonjwa ule. Tarehe zinakataa. Sheikh huyo aliitwa Istanbul mwaka 1529 kurithi nafasi ya mwalimu wake, Sünbül Efendi. Hafsa alifariki mwaka 1534. Na hospitali ilijengwa mwaka 1539, Suleiman alipoiongeza kwenye wakfu wa mama yake aliyekwisha kuzikwa. Kwangu jambo hili linaipa habari heshima zaidi. Mwana alimkumbuka mama yake kwa kujenga nyumba ya kutibia watu.

Siku iliyochaguliwa kuyamwaga maajuni ilikuwa Nairuzi, tarehe 21 Machi, usiku na mchana vinapolingana. Watu wa Makunduchi, Unguja, wana ndugu wa siku hiyo katika Mwaka Kogwa, ila kwao imeangukia Julai, kwa kuwa hesabu yao ya siku 365 haiongezi siku ya mwaka mrefu na imekuwa ikisogea karne kwa karne. Manisa nako, miaka ya karibuni, sherehe mara nyingi hufanywa Aprili.

Ndani ya sufuria ile mna vitu ambavyo mama yeyote wa pwani angevitambua kwa harufu: karafuu, mdalasini, pilipili manga, tangawizi, iliki, manjano, zafarani, habasoda, giligilani, shamari, haradali. Leo mtu akisikia karafuu huwaza Unguja na Pemba, lakini zama za Hafsa visiwa hivyo havikuwa na mkarafuu. Ulifika karne ya 19. Karafuu zake zilitoka Maluku, pilipili manga Malabari, mdalasini Sri Lanka, na njia kubwa ya bidhaa hizo ilipita Bahari ya Shamu na Misri. Mume wake Selim ndiye aliyeitwaa Kairo mwaka 1517. Wareno nao walikuwa wamekwisha kuishambulia Kilwa na Mombasa mwaka 1505, wakiigombea biashara ya bahari hiyohiyo. Tena Sultani Murad wa Tatu, ambaye katika enzi yake nahodha Mir Ali Bey alikuja pwani ya Waswahili kupambana na Wareno hadi akatekwa Mombasa mwaka 1589, alikuwa ameishi Manisa ujanani kama mwana wa mfalme. Msikiti wa Muradiye mjini humo ni wake.

Turudi hapa kwetu. Lulimba iko kwenye barabara ya kutoka Fizi kuelekea Kalemie, mbali na bandari ya Baraka. Masika yakikolea, barabara ndiyo inayoamua kama dawa itafika. Zone ya afya ya Kimbi-Lulimba inaijua vizuri malaria ya watoto, na inajua pia tofauti iliyoonekana pale shirika la MSF lilipotibu watu hapa bila kumdai mgonjwa. Mama anayefika na mtoto mwenye homa huuliza bei kabla ya kuuliza jina la dawa. Mama huyo angeielewa amri ya Hafsa haraka kuliko mtaalamu yeyote wa historia: dawa iliyomponya mama wa sultani ikapewa kila mtu, bila bei.

Huko Manisa, mwezi Septemba 1922, jeshi la Wagiriki lilipokuwa likirudi nyuma katika vita vyake na Waturuki, sehemu kubwa ya Manisa iliteketezwa kwa moto. Msikiti wa Sultani ulibaki, na jengo la hospitali pia. Kazi ya maajuni ina utaratibu wake hadi leo: mpishi mkuu na wanafunzi wake hupika, wanawake 14 hufunga vipande katika karatasi, na maimamu na wanafunzi 28 huyaombea dua kabla ya kuyamwaga.

Mtu mwingine wa Manisa aliifuata njia ya Hafsa kwa namna yake. Moris Şinasi, Myahudi aliyezaliwa katika mji huo, alitajirika New York kwa biashara ya sigara. Alipofariki mwaka 1928 aliacha wosia wa dola milioni moja ili mji wake ujengewe hospitali ya watoto, na ikafunguliwa mwaka 1933. Jengo la Suleiman la mwaka 1539 sasa ni makumbusho ya historia ya tiba chini ya Chuo Kikuu cha Celal Bayar. Wagonjwa wanapokewa kwingine mjini, katika hospitali ya chuo hicho, nayo imepewa jina la Hafsa Sultan.