Jinsi mapafu hujidhuru yakijaribu kujiponya

MAPAFU ya mtu mzima yana vifuko vya hewa vipatavyo milioni 480, na kuta za vifuko hivyo zikitandazwa zinaweza kufunika sakafu ya takriban mita 70 za mraba. Kuta hizo ni nyembamba mno, kwa maana hewa safi sharti ipenye na kuingia katika damu. Lakini pamoja na hewa huingia pia vumbi, moshi na viini vya maradhi, hivyo basi mapafu hayana budi kuwa na ulinzi wake.

Kiini kinapoingia, mishipa midogo ya damu hupanuka, chembechembe nyeupe za damu humiminika mahali hapo na ukuta wa kifuko hufura. Hali hii, ambayo hapa tutaiita uvimbe kwa kukosa neno lililo bora, si ugonjwa. Ni kazi ya ulinzi, na inapokamilika hufuatwa na ukarabati: seli maalumu zilizo katika ukuta wa kifuko hugawanyika na kuziba pengo. Swali ambalo limewashughulisha watafiti kwa zaidi ya nusu karne ni kwa nini kazi hiyo kwa baadhi ya watu haikomi, au hukoma vibaya.

Fununu kubwa ya kwanza ilipatikana mjini Malmö, Sweden, mnamo 1963. Carl-Bertil Laurell na daktari kijana Sten Eriksson walikuwa wakichunguza protini za damu katika sampuli zipatazo 1,500, wakagundua kuwa sampuli tano zilikosa mstari mmoja ambao kwa kawaida huonekana. Watatu kati ya watu hao watano walikuwa na mapafu yaliyopanuka na kuchakaa. Protini waliyoikosa, antitripsini ya alfa-1, ndiyo huzuia kimeng'enya ambacho chembechembe nyeupe hutumia kuyeyusha viini. Bila kizuizi hicho, kimeng'enya huendelea kuyeyusha nyuzi za pafu lenyewe. Baadaye ilibainika kwamba moshi wa sigara huidhoofisha protini hiyohiyo hata kwa mtu aliyezaliwa nayo, na papo hapo huita chembechembe nyeupe zaidi.

Ikiwa uvimbe ndio adui, basi mtu angedhani kuwa tiba ni kuuzima tu. Kwa miongo mingi hivyo ndivyo madaktari walivyowatibu wagonjwa wa makovu ya mapafu yasiyojulikana chanzo, maradhi ambayo bila tiba mgonjwa huishi kwa wastani miaka mitatu hadi mitano baada ya kutambuliwa. Iliaminika kwamba uvimbe hutangulia na kovu hufuata. Wagonjwa walipewa prednisoni, ambayo ni steroidi, pamoja na azathioprini na dawa ya kulainisha makohozi.

Mnamo 2011, watafiti nchini Marekani waliokuwa wakilinganisha mseto huo na vidonge visivyo na dawa walilazimika kuusitisha kabla ya wakati. Matokeo yaliyochapishwa mwaka uliofuata yalionyesha kuwa wanane kati ya wagonjwa 77 waliopewa mseto huo walifariki, ilhali katika kundi la wagonjwa 78 waliopewa vidonge bandia alifariki mmoja. Tiba iliyokuwa ikitolewa kwa nia njema ilikuwa ikiua. Ikawa dhahiri kwamba tatizo kuu la maradhi hayo limo katika ukarabati: seli za ukuta zimechoka, na zile zinazotengeneza nyuzi za kovu hazipati amri ya kuacha. Pirfenidoni na nintedanibu, zilizoidhinishwa Marekani mwaka wa 2014, hulenga utengenezaji wa kovu. Hupunguza kasi yake, ingawa haziliondoi lililokwisha kujengeka.

Hata hivyo, steroidi hazikustahili kutupwa. Juni 2020, majaribio yaliyofanywa Uingereza yalionyesha kuwa deksamethasoni ilipunguza vifo vya wagonjwa wa Covid-19 waliopumua kwa mashine kutoka asilimia 41 hadi 29. Kwa wale ambao hawakuhitaji oksijeni haikuwa na faida yoyote. Yaani dawa ileile humfaa mgonjwa wa leo na kutomfaa wa jana, kulingana na hatua ambayo uvimbe umefikia. Wanaonunua vidonge hivi dukani kila kifua kinapobana wanapaswa kulijua hilo.

Utafiti umekuwa mgumu pia kwa sababu panya si binadamu. Kovu ambalo panya huwekewa kimaabara mara nyingi hupona lenyewe baada ya wiki chache, na dawa nyingi zilizowaponya panya zimeshindwa kwa watu. Ndiyo maana maabara nyingi sasa hutumia vipande vyembamba vya mapafu ya binadamu yaliyotolewa kwa upasuaji, ambavyo huweza kudumishwa hai kwa siku kadhaa.

Kwetu Afrika swali hili linagusa kifua kikuu. Viini vyake vinaweza kuuawa vyote kwa dawa, lakini mashimo yaliyo katika pafu yamechimbwa kwa kiasi kikubwa na vimeng'enya vya mwili wenyewe, na hayazibiki kila mara. Mjini Blantyre, Malawi, utafiti uliochapishwa 2020 uliwapima kwa picha watu wazima 405 waliomaliza matibabu, na asilimia 44 walikutwa na njia za hewa zilizopanuka na kuharibika. Mgonjwa wa aina hiyo akirudi kliniki akikohoa, ni rahisi kumwanzishia tena dawa za kifua kikuu ilhali makohozi yake hayana kiini. Anachohitaji kwanza ni kupimwa makohozi upya, kisha apulize katika kifaa cha kupima pumzi ijulikane ni kiasi gani cha pafu kilichosalia.