Vumbi la Breki ya Mkono

Machi 1961, Jaguar ilionesha gari lake jipya, E-Type, mjini Geneva. Watu waliotaka kulijaribu walikuwa wengi kiasi kwamba Norman Dewis, dereva wa majaribio wa kampuni, aliagizwa alete gari la pili kutoka Coventry. Aliendesha usiku kucha, akafika asubuhi. Wapenzi wa magari wanaipenda hadithi hii, na wanakumbuka pia jina la Malcolm Sayer, aliyelichora umbo lile refu la pua. Mimi nasoma shahada ya uzamili ya historia hapa Uingereza, na Jumamosi huenda kwenye karakana ndogo inayofufua magari ya zamani. Huko nimejifunza kuitazama E-Type kutoka chini, mahali ambapo hakuna mpiga picha anayepatazama.

Ukilala chini ya gari hilo, jambo la kwanza linalokushangaza ni kwamba diski za breki za nyuma haziko kwenye magurudumu. Ziko katikati, zimebanana na difu, moja kila upande. Wahandisi waliziweka pale ili kupunguza uzito unaoruka pamoja na gurudumu barabara ikiwa mbaya. Juu ya kila kalipa kubwa inayosukumwa na mafuta ya breki imepandishwa kalipa nyingine ndogo, yenye pedi zake mbili. Hiyo ndiyo breki ya mkono. Haina mafuta hata tone. Inavutwa kwa kebo na wenzo tu. Sababu yake ni rahisi: mafuta yanaweza kuvuja usiku gari likiwa limeegeshwa mlimani, lakini chuma kilichovutwa kikafungwa kinabaki kimefungwa.

Kubadilisha pedi hizo ni kazi ya uvumilivu. Mwenye vidole vyembamba anaweza kuzifikia kutoka chini, lakini mafundi wengi huona heri washushe ekseli nzima ya nyuma. Unafungua ekzosi, kebo ya breki ya mkono, bomba la mafuta ya breki, propela shafti, na mikono miwili inayoishika ekseli kwa mbele. Kisha unalegeza raba zilizoibeba fremu, na kitu chote kinashuka juu ya jeki kama injini ndogo. Hapo ndipo unapoona kilichoharibika. Mara nyingi si pedi zilizolika, bali ni kutu. Pini zinakwama, pedi haziachii, zinaisugua diski safari nzima. Diski inapata moto, moto unaingia kwenye difu, sili zinakauka, na mafuta ya difu yanatoka na kumwagikia pedi zilezile. Ubovu unajizungusha.

Pedi mpya zikishaingia, kuna hatua moja ninayoipenda. Ndani ya kalipa kuna gurudumu la meno na kijino kinacholisukuma. Kadiri pedi zinavyolika, kijino hurukia jino linalofuata na kuusogeza mwanya. Basi fundi anavuta na kuachia wenzo mara nyingi huku akisikiliza: ka, ka, ka. Mlio ukikoma, mwanya umefaa. Ukirudisha kila kitu kabla mlio haujakoma, utavuta breki ya mkono hadi juu na gari litaendelea kuteremka.

Mambo haya yana historia inayosimuliwa kwa fahari. Frederick Lanchester alipata hataza ya breki ya diski mwaka 1902. Nusu karne baadaye Jaguar na Dunlop waliiboresha kwa ajili ya mashindano. Mwaka 1952 Stirling Moss alishinda Reims kwa gari la C-Type lenye diski, na mwaka 1953 Tony Rolt na Duncan Hamilton wakashinda Le Mans. Dewis mwenyewe alitumia muda mwingi kuzijaribu breki hizo. Tunayajua majina ya walioshinda kwa sababu ya breki. Swali langu ni kuhusu pedi yenyewe: imetengenezwa kwa nini, na nani aliishika kabla haijafika Coventry?

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, jibu lilikuwa asbesto. Herbert Frood, aliyeanzisha biashara yake Derbyshire mwaka 1897, alitafuta kitu cha kusimamishia mikokoteni na kisha magari. Jina la kampuni yake, Ferodo, limetokana na herufi za jina lake. Asbesto ilimfaa: nyuzi zake hazishiki moto, zinafumika kama pamba, na bei yake ilikuwa nafuu. Katikati ya miaka ya 1920 Ferodo iliingia chini ya Turner & Newall, kampuni kubwa ya asbesto yenye mizizi Rochdale. Turner & Newall haikuishia kwenye viwanda. Ilimiliki migodi ya Shabanie, katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, na mgodi wa Havelock huko Eswatini, uliofunguliwa mwaka 1939. Siwezi kusema pedi fulani ilitoka mgodi fulani. Ila mikono iliyochimba nyuzi kusini mwa Afrika na mikono iliyofunga pedi kwenye magari ya Uingereza ilifanya kazi katika mnyororo mmoja.

Na wenye mnyororo huo walikuwa wameonywa. Nellie Kershaw, aliyesokota asbesto katika kiwanda cha Turner huko Rochdale, alifariki mwaka 1924, na daktari William Cooke akayaandika mapafu yake katika jarida la kitabibu. Mwaka 1931 Uingereza ilitunga kanuni za vumbi la asbesto, lakini zilihusu viwanda. Mchimbaji wa Havelock hakuwemo, wala makenika. Mwaka 1960, mwaka mmoja kabla ya Geneva, J. C. Wagner na wenzake walichapisha taarifa za wagonjwa 33 wa mesotelioma, saratani ya utando unaozunguka mapafu. Karibu wote walikuwa na uhusiano na maeneo ya asbesto ya Cape, Afrika Kusini. Baadhi hawakuwahi kufanya kazi mgodini. Waliishi tu karibu.

Nilipoisoma taarifa hiyo nilimfikiria Baba. Ni makenika Gerezani tangu ujana wake. Kila alipofungua breki alishika bomba la kompresa na kupuliza ngoma mpaka wingu la kijivu likapanda, kisha akaita: "Mwanangu, lete shuu hizo." Kilikuwa ndicho kipimo cha usafi: fundi mzuri hafungi breki mpya juu ya vumbi. Nimempigia simu kumweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza: "Sasa na wale vijana wangu, nao niwaambie nini?" Swali lake ni zuri kuliko la tasnifu yangu. Watafiti bado wanabishana kuhusu ukubwa wa hatari kwa makenika. Kuhusu wachimbaji na wafanyakazi wa viwandani hakuna ubishi. Lakini ugonjwa huu huchukua miongo kujitokeza, na anayesubiri ubishi uishe anasubiri kwa mapafu yake.

Uingereza ilipiga marufuku asbesto nyeupe, aina iliyotumika sana kwenye breki, mwaka 1999. Mwaka uliofuata, mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo iliwaruhusu zaidi ya Waafrika Kusini 3,000 kuishtaki kampuni ya Cape mjini London, na fidia ikakubaliwa mwaka 2003. Mgodi wa Havelock ulifungwa mwaka 2001. Pedi zinazouzwa leo kwa ajili ya E-Type hazina asbesto. Zilizobaki ni za zamani: zilizomo ndani ya gari lililolala ghalani miaka 30, au kwenye boksi ambalo muuzaji analisifu kuwa "halisi, halijafunguliwa".

Tangu 2018, magari ya Uingereza yenye zaidi ya miaka 40 hayalazimiki kukaguliwa kila mwaka. Kwa hiyo anayeilinda breki ya mkono ya E-Type sasa ni mwenye gari na fundi wake. Karakana ninayokwenda ina utaratibu wake. Hakuna kompresa karibu na breki. Vumbi linaloweshwa maji, linafutwa kwa kitambaa, kitambaa kinafungwa kwenye mfuko na mfuko unaandikwa. Fundi anavaa barakoa inayofaa, si kitambaa cha pua. Utaratibu huo nimeuandika kwa Kiswahili, mistari sita, nikautuma Gerezani. Baba ameubandika ukutani, juu ya kompresa.