Kilichofichwa na Ganda

Mwaka 1959 msafara wa matela 41 ya kulala ulianza safari kutoka Cape Town kwenda Cairo. Kiongozi wake alikuwa Mmarekani Wally Byam, mwanzilishi wa kampuni ya Airstream. Msafara ulipita Kenya na Ethiopia, na mwaka 1960 matela yale yakapigwa picha karibu na piramidi za Misri. Anayeitazama picha huona maganda ya aluminiamu yanayong'aa kama dagaa juani. Haoni fremu ya chuma iliyolala chini ya sakafu ya mbao, nayo ndiyo iliyopokea kila shimo la barabara zile.

Aluminiamu hujilinda yenyewe. Hewa ikiigusa, hujivika ngozi nyembamba inayozuia madhara yasiendelee. Chuma hakina bahati hiyo. Kutu lake huvimba, hubanduka, na kufungua njia kwa maji na hewa kuingia zaidi. Ukiongeza chumvi ya pwani, kazi hiyo huenda mbio.

Ndugu msomaji, mimi si fundi, na somo hili nililipia. Mwaka 1991, nikiwa Tanga, nilinunua tela dogo lililokwisha kutumika. Fremu yake ilikuwa ya vyuma vyenye umbo la mfereji, upande mmoja wazi. Nilitaka iwe na nguvu zaidi, nikaagiza upande ule uzibwe kwa bamba ili chuma kiwe kama sanduku. Fundi alichomelea, nikapaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu, nikaridhika. Kila likizo tulilipeleka Pangani na kuliegesha karibu na mawimbi.

Mwaka 1995 tulikuwa tukipanda kutoka Mombo kwenda Lushoto. Watoto walikuwa wameniomba walale ndani ya tela, nikakataa kwa sababu ya joto tu. Katikati ya kona nikasikia mlio kama wa mti unaovunjika. Fremu ilikuwa imekatika nyuma kidogo ya shingo, na tela likabaki limening'inia kwa upande mmoja. Chini yetu kulikuwa na bonde. Nilishuka, nikatazama mahali pale, miguu ikaniisha nguvu. Kwa nje rangi ilikuwa nzima. Kwa ndani chuma kilikuwa kimeliwa hadi kuwa chembamba kama kopo la maziwa.

Nikaja kufahamu kwamba kosa langu lilikuwa na wakubwa wake. Mwaka 1824 mwanasayansi Mwingereza Humphry Davy alitafuta njia ya kulinda mabamba ya shaba yaliyofunika matumbo ya merikebu. Akaunganisha vipande vya zinki au chuma na shaba ile, na maji ya chumvi yakala vipande badala ya shaba. Dawa ilifanya kazi, lakini ikaleta ugonjwa mwingine. Shaba inayoliwa polepole huwa sumu kwa viumbe vya baharini, na hii iliyolindwa haikuwa sumu tena. Majani na makombe yakaiganda, merikebu zikawa nzito kwenda. Jeshi la wanamaji likaiacha dawa hiyo.

Hata hivyo wazo la zinki halikufa. Tangu mwaka 1742 Mfaransa Paul Jacques Malouin alikuwa ameeleza jinsi ya kuchovya chuma katika zinki iliyoyeyuka. Mwaka 1837 Mfaransa mwenzake, Stanislas Sorel, akapata hataza ya kazi hiyo. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420 hivi za Selsiasi, hushikamana na chuma, na hata ikikwaruzwa, huliwa yenyewe kwanza. Mabati ya mawimbi, ambayo Henry Palmer wa London aliyapatia hataza mwaka 1829, yalipovikwa zinki ndipo yakaweza kuezeka nyumba zetu kwa miaka mingi.

Tela langu lilitengenezwa na mzee mmoja aliyezeekea katika uchomeleaji. Kwanza aligonga fremu yote kwa nyundo ndogo. Palipolia alipaacha, palipotoa sauti ya bubu alipakata. Bamba la kuongeza nguvu alilichomelea kwenye ubavu wa chuma, wala hakupitisha mshono kukata ukingo wa chini, kwani pale ndipo mzigo unapovuta zaidi na ufa hupenda kuanzia. Kisha akatoboa matundu sehemu za chini kabisa.

"Baba," aliniambia, "ulimfungia adui ndani ukadhani umemfungia nje."

Tuliosha chumvi kwa maji baridi, tukasugua kwa brashi ya waya hadi chuma kikawa cheupe. Ndipo tukapaka rangi yenye unga mwingi wa zinki. Alisisitiza iguse chuma kitupu, kwani zinki isiyogusa chuma haiwezi kuliwa kwa niaba yake.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Watoto wale sasa ni watu wazima, nao wana watoto wao. Kila masika yakiisha huingia uvunguni mwa tela na nyundo ile ndogo, nikigonga na kusikiliza. Wajukuu hunicheka. Sijawaambia bado ni nani waliokuwa walale ndani siku ile.