Tarishi wa Angani



Mkaaji wa Gisimenti hawezi kuutazama uwanja wa Amahoro asikumbuke 1994. Wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, maelfu ya watu walijihifadhi humo, na hoteli iliyo jirani ilikuwa makao makuu ya UNAMIR, kikosi cha Umoja wa Mataifa. Hapo Jenerali Roméo Dallaire alizungumza na New York kwa simu ya setilaiti. Chombo kilichobeba maneno yake hakikuwa cha Rwanda.

Miaka 25 baadaye Rwanda ilipata chombo chake, cha majaribio, kidogo mno: RWASAT-1. Urefu ulikuwa sentimita 30 hivi na upana 10; mtu angeweza kukichukua kwapani. Wahandisi wa Kinyarwanda walikiunda pamoja na Chuo Kikuu cha Tokyo. Kilikuwa kiondoke Tanegashima, Japani, tarehe 11 Septemba 2019, lakini moto ukazuka kwenye jukwaa la roketi saa chache kabla, safari ikaahirishwa hadi tarehe 25. Tarehe 20 Novemba kikaachiliwa kutoka Kibo, maabara ya Kijapani katika kituo cha kimataifa cha angani.

Kazi yake ataielewa upesi askari aliyewahi kumtuma tarishi. Katika kimo cha kilomita 400 hivi, chombo cha namna hiyo huizunguka dunia kwa kadiri ya dakika 90, na kikipita juu ya Kigali, dakika kumi ni nyingi, kimekwisha tokomea. Hakiwezi, basi, kuwaunganisha watu wawili wazungumze kutwa. Hupokea vipimo vya maji au vya mashamba kutoka mitambo midogo ya ardhini, huvihifadhi, kisha huviteremsha kituoni kipitapo. Anayekiamuru hana budi kungoja zamu, ikimpita, imempita. Umeme wake watoka kwenye jua tu, hivyo betri hufanyiwa hesabu kali, kama risasi za kikosi kilicho mbali na ghala.

Kitu kidogo hivyo chafaa nini? Swali ni la haki, maana vyombo vya kimo kile hushuka vikaungua baada ya miaka michache. Mafundi ndio hubaki, na mwaka 2021 Rwanda ilitunga sheria ya kuunda shirika lake la anga za juu. Majirani nao wamepitia mlango huohuo wa Kibo: Kenya tarehe 11 Mei 2018, Uganda tarehe 2 Desemba 2022.